Ngoma za Jumamosi huku Ilazo: nyota nne, ya tano nimeibakiza kwa sababu ya choo

Wadau mbukwenyi. Mi sio Mgogo ila nina miaka saba hapa Dodoma, nililetwa na wizara, hiyo salamu ndo kitu cha kwanza nilichojifunza na cha pili ni kutoanika shati jeupe nje mwezi wa nane.

Naandika kuhusu kile kikundi cha kupiga ngoma kinachokutana Jumamosi huku Ilazo, kile cha watu wenye sonona, baipola na shida za mudi za namna hiyo. Jina siliweki na wala wenyewe hawana bango getini, wanataka mtu aje kwa kuelekezwa na kliniki yake au na memba, na ukishakaa pale wiki mbili utaelewa kwa nini. Ukihitaji, muulize nesi wa afya ya akili unapochukulia dawa.

Kabla sijafika mbali nianze na kichekesho. Wiki ya kwanza nilimwambia mama jirani kwamba siku hizi Jumamosi asubuhi sipatikani, nina ngoma. Mama wa watu akanyamaza, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, kesho yake jioni akamletea waifu bakuli la mchuzi wa kuku na maneno ya kumtia moyo, eti siku hizi dawa zipo watu wanaishi. Tumekaa tunautafuna ule mchuzi hatuelewi chochote mpaka usiku waifu ndo akashtuka akaanza kucheka peke yake kitandani. Sa ikabidi aende kumuelewesha mama kwamba sio hiyo ngoma ya ukimwi, ni ngoma ngoma, ya ngozi, na hapo ndo mambo yakawa magumu zaidi, maana ya ngozi mtumishi wa serikali mwenye watoto watatu anaenda kufanya nini, kupungwa mashetani? Tukasema mazoezi. Mpaka leo jirani anajua nafanya mazoezi, na kusema ukweli jasho linalotoka sio uongo mkubwa.

Mi nina baipola, ile wanayoita ya pili. Yani nikishuka nashuka wiki hadi wiki, sitoki kitandani, naoga kwa kulazimishwa, simu ikiita naigeuza kifudifudi. Nikipanda sipandi mpaka wa kufungwa kamba, napanda mpaka wa kununua. Mwaka juzi nilienda mnadani Msalato kula nyama choma kama watu wengine nikarudi na mbuzi kumi na moja kwenye Fuso ya kukodi, na tunaishi nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni akawahesabu kimya kimya, mmoja mmoja kwa kidole. Baada ya wale mbuzi ndo waifu akanibeba kliniki. Na mjue kwa Mtanzania kusema naenda kliniki ya akili hapa Dodoma sio jambo dogo, sisi tumekua jina la Mirembe, ile hospitali ya akili ya hapa, ni la kutukania watu, mtoto akifanya ujinga darasani anaambiwa huyo wa Mirembe, wakati neno lenyewe kwa Waganda ni amani. Ikanichukua muda.

Dawa zilinisaidia, hilo niliseme mapema kabisa. Ila dawa zilinitoa shimoni zikaniacha hapo juu nimekaa tu. Nilikuwa siumwi na wala siishi, sijui kama naeleweka. Ndo nesi akanitajia ngoma.

Pale mahali penyewe ni nyumba ya kawaida yenye uwanja, mwarobaini mmoja mkubwa, turubai la bluu, viti vya plastiki na vigoda vya mbao. Tunakuwa watu 12 mpaka 15. Wanaoendesha ni wawili, Sista ambaye ni nesi mstaafu wa afya ya akili, na Bibi, Mgogo wa upande wa Chamwino kule kunakofanyika tamasha la muziki wa Cigogo, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye mikono kama ya fundi seremala. Wagogo kwenye muziki msiwachezee, ndo waliomtoa marehemu Hukwe Zawose aliyezunguka dunia na zeze na malimba, lakini ukimwambia Bibi hivyo anakujibu kwamba ngoma ni ya wanawake, wanaume wape zeze wakalie huko.

Na hajakosea. Ngoma zinazopigwa pale nyingi ni za muheme, zile fupi zilizobanwa kiuno, unaibana katikati ya mapaja unaipiga kwa viganja, na kwa Wagogo muheme ni kazi ya wanawake, ilikuwa inapigwa kwenye mambo ya unyago huko. Siku ya kwanza nimepewa ngoma, nimekaa na suruali yangu ya kitambaa ya kazini, naibana inateleza, naibana inateleza, Bibi anaangalia tu. Mwisho akanirushia khanga nijifunge kiunoni, akasema, "Baba, hapa hakuna mwanaume hakuna mwanamke, hapa kuna mikono. Bana hiyo ngoma." Watu wakacheka na mi nikacheka, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele za watu nisiowajua tangu wale mbuzi.

Kinachofanyika ni hiki. Hamna kujitambulisha ugonjwa wako. Hamna kuzunguka kila mtu aeleze anajisikiaje, kitu ambacho mi kingenikimbiza siku hiyo hiyo. Mnakaa duara, Sista anapita anasalimia mmoja mmoja kwa sauti ya chini, anakuuliza umelala saa ngapi na dawa umekunywa, anaandika kwenye daftari lake la kaunta buku, basi. Halafu Bibi anasema, "Pigeni wiki." Yani kila mtu kwa zamu anapiga wiki yake ilivyokuwa, kwa muda anaotaka, kisha wengine wote wanairudia vile vile kama walivyoisikia. Mwingine anapiga fujo, mwingine anapiga kitu kama mvua, kuna mama mmoja kila wiki anapiga kitu kile kile, taratibu, kama mtu anatwanga.

Sasa kuna kijana, nadhani mwanafunzi wa chuo, alikuwa anakuja anakaa hapigi. Wiki tatu mfululizo anakaa ameibana ngoma, zamu ikimfikia anatikisa kichwa, Bibi anaenda kwa mwingine wala hamsemeshi. Wiki ya nne zamu ikamfikia, tukajua atatikisa kichwa, akanyanyua mkono akapiga pigo moja. Du. Akaushusha mkono. Basi watu 13 tukalirudia lile pigo moja, du, kwa pamoja, halafu kimya, mpaka ukasikia grainda ya fundi wa mageti wa jirani nayo imenyamaza kama imeambiwa. Yule kijana akatuangalia wote kama ndo ametuona. Hakulia wala nini, msitake kuniongezea chumvi, ila wiki iliyofuata alipiga mawili.

Hicho kwangu ndo huduma yenyewe ninayoilipia. Sonona inakwambia subiri kwanza ujisikie vizuri ndo ufanye kitu, na hujisikii, kwa hiyo hufanyi, na kadiri hufanyi unazidi kuzama. Pale unapiga kwanza, kujisikia kutakukuta huko mbele kama kutataka. Na ukikosea mdundo haukusubiri na wala haukufukuzi, unazunguka unarudi pale pale, unaingilia unapoweza.

Mi ni mtu wa makaratasi nikamuuliza Sista kama kuna utafiti au ni maneno ya kutupa moyo tu. Akasema upo, akanionyesha. Ulifanyika London ukatoka 2016 kwenye jarida la PLOS ONE, watu waliokuwa wanapata huduma za afya ya akili walipiga ngoma pamoja wiki 10, kila wiki mara moja, dakika 90, wakalinganishwa na kundi lingine ambalo halikupiga. Wiki ya 6 sonona ikawa imeshuka na watu wamekuwa wagumu zaidi kuyumbishwa, wiki ya 10 na wasiwasi nao ukawa umepungua, na walipowafuata miezi 3 baadaye yale mabadiliko yalikuwa bado yapo. Waliwapima mpaka mate kuangalia mambo ya kinga ya mwili. Sista mwenyewe akasema hapo hapo tusiubebe kama Biblia, watu wote kwa jumla hawakufika 50, ni utafiti mdogo. Nilimpenda kwa hilo. Kilichonichekesha mimi ni kwamba wazungu wa London walitumia djembe, ngoma ya Afrika Magharibi, imesafiri huko kote, na sisi hapa tuna muheme kilomita chache kutoka getini na tunaona aibu kumwambia jirani.

Kwa upande wangu wiki ya 6 sikuona kitu, niwe mkweli. Ilikuwa wiki ya 9 hivi. Nilijishtukia Ijumaa usiku natafuta ile khanga ya kesho. Mtu ambaye kesho ilikuwa haimhusu, natafuta khanga.

Sasa upande wa pili, na huu ndo nataka wenye baipola wenzangu wausome vizuri, maana ngoma ni tamu ukiwa umeshuka lakini ukiwa unapanda ni kama petroli.

Mwezi wa tatu nilianza kupanda. Nalala masaa matatu naamka mzima kama nimelala wiki, naongea sana, nina mipango. Mpango mmoja ulikuwa nianzishe bendi. Nikaagiza djembe kubwa kutoka Dar, laki mbili na themanini, nikampigia waifu nikamwambia nimenunua djembe, akaniuliza kwa sauti ile ile ya siku ya mbuzi, "Jembe la laki mbili na themanini? Tunalima wapi baba nanihii?" Jumamosi nikatinga nalo. Tulipoanza nikaona hawa watu wanapiga polepole, nikaongeza, wakanifuata, nikaongeza tena, na asikwambie mtu, watu 14 wakikufuata mwendo unajiona Mungu mdogo. Yule mama wa kutwanga akaacha kupiga, akashika kifua, akasimama akaenda kukaa kule ukutani. Mi nimemuona kabisa na sikujali, nisingeandika hii kama nisingesema hilo.

Bibi hakupaza sauti. Aliamka akaja akaweka kiganja chake katikati ya ngozi ya djembe yangu. Hakunisukuma, hakunishika mkono, aliuacha tu mkono wake pale na mi nikawa napiga pembeni yake, pa pa pa, sauti imekuwa fupi kama ya ndoo ya plastiki, mpaka nikaona aibu nikapunguza. Akalichukua djembe akaliweka chini ya mwarobaini, akanipa ngoma ndogo kuliko zote akasema nihesabu nane, nipige kwenye moja tu. Moja, halafu subiri saba. Jamani. Nimewahi kubeba zege, nimewahi kukaa foleni ya mafuta, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kusubiri zile saba. Mikono ilikuwa inawasha.

Mwisho nikajifanya mjanja nikamwambia najua Bibi, ngoma ikilia sana hupasuka. Akasema, "Hiyo ngozi ya mbuzi, ikipasuka tunawamba nyingine. Wewe ukilia sana wenzio hawazisikii zao." Akaenda kumchukua yule mama ukutani.

Sista hakuniacha niondoke hivi hivi, aliangalia daftari lake, wiki mbili mfululizo nimesema nimelala masaa matatu, akampigia waifu mbele yangu, Jumatatu nikawa kliniki na dozi ikarekebishwa. Wiki mbili hizo nilikatazwa kupiga, nilikuja nikakaa nikahudumia chai. Niliumia ila walikuwa sahihi. Djembe tumeliuza kwa kwaya moja, hasara elfu themanini, ukilinganisha na mbuzi ni nafuu.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema ngoma zimemponya ameacha dawa, mkimbieni. Pale ukisema umeacha dawa bila daktari Sista hakugombezi, lakini hupewi ngoma mpaka urudi na karatasi ya kliniki. Zamani walikuwa wanakutana jioni saa 11, wakahamisha iwe saa 3 asubuhi kwa sababu watu walikuwa wanaondoka wamechangamka halafu usingizi hauji, na kwa watu kama sisi usingizi ukipotea ndo mlango umefunguka. Na maji, beba maji mengi. Memba mmoja anatumia lithiamu na Sista anamfuatilia na chupa kama mtoto, maana ukitoka jasho jingi bila kunywa maji ile dawa inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Jua la Dodoma mnalijua.

Malalamiko sasa.

Choo. Choo ni kimoja, cha shimo, mlango hauna komeo unaushika kwa mkono huku umechuchumaa, na mnatuambia tunywe maji. Watu wengine dawa zenyewe zinawafanya wakojoe kila nusu saa. Nimeshasema kwa mdomo mara tatu, sasa naandika. Komeo ni shilingi ngapi jamani?

Turubai halitoshi, ukichelewa unakaa upande wa jua na unapiga ngoma umefumba jicho moja. Muda wa kuanza ni saa 3 kwa maandishi, kwa vitendo ni saa 3 na nusu, kwa sababu ngoma zinaanikwa juani kwanza ngozi ikaze, na kama kulinyesha usiku wanawasha moto wa magunzi wanazizungushia, kazi ambayo ingeweza kuanza mapema zaidi. Ila niseme, yale magunzi na harufu ya ngozi inayopata moto, Bibi anaigonga kwa kidole kimoja anasikiliza, anairudisha, anaigonga tena, ni kitu naweza kukiangalia asubuhi nzima. Ikiwa bado inatoa sauti ya bichi anasema hii imelala, iacheni. Hakuna anayeilazimisha.

Kelele ilishaleta mjumbe mara moja. Majirani wana haki yao lakini fundi mageti anakata chuma kuanzia saa 2 hakuna anayemletea mjumbe. Mkakubaliana mwisho saa 5, sawa.

Lililoniudhi kweli ni moja, kuna kipindi alikuja mdau mmoja wa shirika fulani, hata silitaji, na kamera, akawa anatupiga picha tukiwa tumefumba macho, hajaomba mtu. Mama mmoja anafanya kazi ofisi ya watu wengi wanaomjua, aliacha kuja kwa ajili ya hiyo siku, na mpaka leo hajarudi. Sista aliomba msamaha na sasa simu zote zinaingia kwenye kapu mlangoni, zima au sailensi, hata yake. Vizuri, lakini ilipaswa iwe hivyo tangu mwanzo. Hiyo peke yake ningetoa nyota mbili, nimesamehe kwa sababu ya pigo moja la yule kijana.

Bei ni elfu 5 kwa siku pamoja na chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha, karanga zikiwepo. Huna hela unamwambia Sista niandikie, anaandika, sijawahi kusikia anamdai mtu. Ukija na mgeni wa kukusindikiza halipi ila anapewa ngoma naye, hakuna mtazamaji, waifu wangu alikuja mara moja kunichungulia akaishia kupiga saa nzima, na anapiga vizuri kuliko mimi, nimekubali.

Ushauri wangu: kama umeshuka na huna maneno, nenda. Kama una wasiwasi mkali, mwambie Sista akuweke karibu na geti mbali na zile ngoma kubwa, wiki za kwanza sauti inakuingia kifuani. Kama upo juu, au unasikia sauti zisizokuwepo, anza kliniki kwanza, wao wenyewe watakurudisha. Walokole wenzangu mnaoniuliza inbox, hapana, haipigwi ramli, hakuna pepo anayeitwa kwa jina, mchungaji wa mtu mmoja alikuja kukagua akaondoka na mihogo kwenye mfuko. Na Waislamu wapo, mzee mmoja alitufundisha mpigo wa dufu la maulidi na Bibi akauchanganya na wake, sasa ndo tunaufungia kila wiki.

Vaa nguo ya kupanuka, njoo na khanga yako, waliyonirushia mimi siku ile nimeambiwa niirudishe na sijairudisha. Bajaji wengi hawapajui, waambie wakushushe kwa fundi mageti, ukifika hapo utasikia.

Jumamosi hii hamna, mvua zimeanza na Bibi kaenda shamba Chamwino kupanda mtama, inayofuata ndo tunakutana. Kuna mtu ananunua komeo au ninunue mwenyewe?